Anza na uvungu wa kitanda

Familia ikikupigia simu kuuliza inunue mashine gani ya kumnyanyulia mgonjwa wao, usijibu kwenye simu. Nenda nyumbani. Ukishasalimia na kumwona mgonjwa, piga magoti uchungulie uvunguni mwa kitanda.

Hilo nililijua kwa gharama ya watu wengine. Mzee mmoja wa Temeke alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala kabisa. Watoto wakachanga, wakaniuliza, nami nikawatajia aina ya mashine bila kufika kwao. Ikaja, ya betri, mpya. Tukaifunga nguzo, tukainua mkono wa mashine, tukasukuma, miguu ya mashine ikagonga mbao za kitanda. Kitanda kilikuwa cha mninga, chenye droo chini na ubao wa pembeni ulioshuka karibu na sakafu. Kwa siku nne mzee aliendelea kubebwa mikononi huku mashine imeegemezwa ukutani, mpaka fundi seremala akaja kutoa droo na kukata ubao.

Mashine hizi husimama kwa miguu yake miwili mirefu inayoingia uvunguni, ndipo mkono wa juu uweze kufika alipolala mgonjwa. Uwazi wa sentimita 15 kutoka sakafuni unatosha kwa mashine nyingi. Ukiinua kitanda kwa vipande vya mbao ili kuupata, pima na kule juu pia. Godoro nene juu ya kitanda kilichoinuliwa linaweza kuufanya mkono wa mashine ufike mwisho wake na makalio ya mgonjwa bado yanaburuzika. Halafu angalia sakafu. Magurudumu yake ni madogo, zulia zito huyashika, na kizingiti cha mlango ndiyo usiombe. Mashine hii ni ya kumtoa mtu kitandani na kumweka kitini, papo hapo chumbani. Safari ya bafuni ni kazi ya kiti cha magurudumu chenye tundu la kujisaidia, na mlango wa bafu upimwe kabla kiti hakijanunuliwa.

Baada ya chumba, mgonjwa mwenyewe. Ipo mashine ya kumsaidia mtu kusimama, nyepesi na rahisi kutumia, na familia nyingi huipenda kwa sababu inampa mgonjwa sura ya mtu anayepona. Inamfaa tu anayeweza kukaa ukingoni mwa kitanda bila kushikwa, kukanyaga kwa nguvu walau mguu mmoja, kushika kwa walau mkono mmoja na kuelewa unachomwambia. Likikosekana moja, iacheni. Mkanda wake hupita chini ya makwapa. Mtu anayening'inia badala ya kusimama huvutwa bega, na bega la upande uliopooza huteguka kwa urahisi mno. Ndiyo maana nakataa kabisa kumwinua mgonjwa wa kiharusi kwa kumshika makwapani, hata kama ndugu zake wamefanya hivyo mwezi mzima.

Wengine hawahitaji mashine. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, mwenye mikono imara, mpe ubao wa kuhamia. Seremala mzuri anauchonga, anaupiga msasa mpaka uteleze. Kijana ahame mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini. Kumning'iniza mtu wa namna hiyo ni kumnyang'anya nguvu alizobakiwa nazo.

Sasa mbeleko. Namaanisha kile kitambaa cha kumbebea mgonjwa, na jina hilo linakitosha. Watu hukagua mashine saa nzima, mbeleko wakapokea yoyote iliyokuja nayo. Ndiyo inayombeba mtu! Ndogo humkunja na kumbana mapaja. Kubwa kupita kiasi, makalio yanashuka katikati naye anaponyoka. Pima mgongo wake kutoka kwenye kifupa cha mkia hadi mabegani, au hadi utosini kama hawezi kukishika kichwa chake, kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji. Aliyekatwa miguu yote miwili ana mbeleko yake maalumu; ile ya kawaida usijaribu. Vitanzi vya kuitundikia kwenye mashine, vya kushoto na kulia, viwe vya rangi moja, maana rangi huonyesha urefu. Vifupi mabegani humketisha wima, virefu humlaza. Kila asubuhi pitisha vidole kwenye mishono yote, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Uzi ukifumuka, au lebo ikifutika hata uzito wake hausomeki, hiyo si ya kubebea mtu tena. Na akishakaa usimwachie mbeleko chini yake bila sababu, maana mikunjo yake huleta vidonda vya kulalia.

Kuhusu pampu ya mkono au betri: umeme ukikatika mara kwa mara mtaani, pampu haitawaangusha, ila mhudumu atatoka jasho. Mkichagua betri, nunueni mbili, na kabla hujamnyanyua mtu hata mara moja, jifunze namna ya kumshusha mgonjwa betri ikizima. Soma uzito ulioandikwa kwenye mashine na ule wa mbeleko, fuata ulio mdogo. Wakati wa kunyanyua, funga breki za kiti, za mashine ziache wazi ili ijipange yenyewe chini ya uzito. Wengi walio wageni wa kazi hii hufanya kinyume.

Mkiambiwa mikono inatosha, kumbukeni kilo 16. Mtafiti wa Marekani Thomas Waters, wa NIOSH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa usalama kazini, aliupendekeza uzito huo mwaka 2007 kuwa ukomo wa uzito wa mgonjwa ambao mhudumu mmoja anyanyue kwa mikono, tena katika hali nzuri. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 90 unakaribia hapo. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 1998, vifaa vya kunyanyulia watu hukaguliwa na mjuzi kila baada ya miezi 6. Hapa sijaona wa kunidai hilo, ila tarehe naziandika kwenye daftari.

Nimemkuta bibi mmoja aliyeitazama mashine akasema, "Mjukuu wangu, mimi si gunia." Sikubishana naye. Nilikaa kwenye mbeleko mwenyewe, binti yake akapiga pampu, nikaning'inia mbele yake nikiongea naye mpaka akacheka. Akakubali kwa masharti: wanaume watoke chumbani, na kanga itandazwe mapajani kabla hajainuliwa. Tangu hapo, kila nyumba ninayoingia, naomba kanga kwanza.