Nimeacha maharage, sukari haishuki

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 47, naishi Same. Nyama, samaki, mayai na maziwa sijagusa mwaka wa tisa sasa, ni kwa ajili ya imani yangu na sijutii. Miaka minne iliyopita niligundulika na kisukari, natumia dawa ya metformin peke yake. Mwaka huu jirani aliniambia maharage yana wanga, nikayaacha. Asubuhi nakunywa uji wa lishe, mchana ugali na mchicha, usiku ugali na kabichi. Kabla ya kula asubuhi kipimo kinasoma 9, siku nyingine 10. Nachoka, na usiku nyayo zinachoma kisha zinakufa ganzi. Je, nirudie nyama?
Msomaji, Same

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, huhitaji kurudia nyama. Mimi pia nina kisukari, tangu 2011, na nyama nakula, kwa hiyo usidhani nautetea mlo wangu.

Jirani yako hakukudanganya. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 40 hivi za wanga. Alichosahau ni kwamba kina pia gramu 15 hivi za protini, na nyuzinyuzi za kutosha kuufanya wanga huo uingie kwenye damu polepole. Ugali wa sembe unaingia mbio. Wewe umemfukuza mwema ukabaki na mkorofi! Mwanamke wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi za protini kwa siku, na kwa mchicha na kabichi hufiki. Sehemu ya uchovu wako naiona hapo.

Kwenu Upareni mna makande, na sioni kwa nini uhangaike na vyakula vya mbali. Tatizo ni sufuria yenyewe: mahindi yamejaa, maharage ya kuhesabu. Geuza. Vikombe viwili vya maharage au mbaazi kwa kimoja cha mahindi yasiyokobolewa, na kijiko kikubwa cha karanga zilizotwangwa badala ya kumimina mafuta. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Kamulia limau ukiwa mezani, maana linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Chai isubiri kama saa moja, kwa kuwa inayazuia madini hayo hayo. Siku ya ugali, chukua wa dona, usizidi ngumi yako. Yako, nasema, kuna mama mmoja alikuwa anapimia ya mumewe.

Uji wa lishe waachie wajukuu. Nafaka iliyosagwa laini na kupikwa ikalainika tena hupandisha sukari haraka, hata usipotia kijiko cha sukari. Asubuhi kula choroko au dengu za kuchemsha na kiazi kitamu kidogo.

Sasa nyayo, ambazo ndizo zimenifanya nikujibu wewe kwanza. Huenda ni kisukari chenyewe kinaumiza mishipa ya fahamu. Huenda pia ni upungufu wa vitamini B12. Mimea haina vitamini hiyo, na mlonge usikudanganye, nao hauna. Mwili huweka akiba ya miaka, lakini wewe unaimaliza mwaka wa tisa, na metformin hupunguza kiasi kinachofyonzwa tumboni. Kwa macho huwezi kutofautisha. Nenda hospitali, mwambie daktari huli mayai wala maziwa na umetumia metformin miaka minne, uombe kipimo cha B12 na cha wingi wa damu. Usiache dawa. Upungufu wa B12 ukithibitika, kuna sindano na vidonge, na kwa mlo wako utahitaji nyongeza hiyo maisha yako yote. Siku hiyo hiyo pima figo, kwa sababu figo zikiwa zimechoka kiasi cha maharage hupangwa na daktari.

Figo zikiwa salama, anza na makande. Pima kabla ya kula, upime tena saa mbili zikipita tangu uanze kula, uandike kwenye daftari kwa siku saba. Namba ya pili ikizidi 10 mara kwa mara, punguza mahindi, maharage yaache yalivyo. Daftari nenda nalo kliniki.