Helikopta inayumba au inayumbishwa?

SWALI: Nipo Morogoro. Nimepewa kazi ya kuandaa kwa Kiswahili kijitabu cha maarifa ya msingi kwa wanaoanza kujifunza urubani wa helikopta za jeshi, nami nimekwama kwenye vitenzi. Helikopta inaruka, inapaa au inaelea? Rubani anairusha, anaiendesha au anaiongoza? Injini ikizimika huku mapanga yakiendelea kuzunguka, hali hiyo niiite "kujizungusha"? Na je, niandike Jeshi la Anga au Jeshi la Wanahewa? Nimeambatisha rasimu yangu uitazame.

JIBU: Umekwama mahali pazuri. Wengi wanaotafsiri vitabu vya ufundi huhangaika na nomino, wakatunga maneno ambayo hakuna fundi atakayeyatamka, na vitenzi wakaviandika vyovyote vile. Kwa mwanafunzi wa helikopta, kitenzi ndicho kinachobeba somo. Chombo hiki hufanya mambo ambayo rubani hakuyaagiza, naye hana budi kujua lini ni yeye na lini ni chombo. Kiswahili kinatenganisha hayo kwa kubadili mwisho wa neno tu: kugeuka na kugeuza, kuinama na kuinamisha, kuyumba na kuyumbisha.

Chukua siku za mwanzo, mwanafunzi anapojifunza kuituliza helikopta hewani, futi chache juu ya nyasi. Anasukuma saikliki, ule mti ulio katikati ya magoti yake. Helikopta inachelewa kidogo kuitika, naye anadhani hakusukuma vya kutosha, anaongeza. Inapoitika inapitiliza. Anavuta kwa nguvu upande wa pili, inapitiliza tena. Mwalimu atamwambia atazame mbali kwenye upeo, aache kukodolea ardhi iliyo mbele ya pua, na mkono ausogeze kidogo sana. Sasa wewe ukiandika "helikopta huyumba", umempa mwanafunzi kisingizio. Andika "mwanafunzi huiyumbisha". Kukija dhoruba, andika "huyumbishwa na upepo". Ni chombo kilekile, ila lawama si moja.

Sentensi yako moja, inayohusu kolektivu (ule mti wa kando ya kiti unaopandishwa ili helikopta ipae na kushushwa ili ishuke), inasema: "Wakati kolektivu inapokuwa imepandishwa, kutakuwa na mgeuko wa pua kuelekea kulia ambao unasahihishwa kwa matumizi ya pedali ya kushoto." Msomaji atafika mwisho akiwa hajui nani amefanya nini. Mimi ningeiandika hivi: "Ukipandisha kolektivu, pua itageuka kulia, irudishe kwa kukanyaga pedali ya kushoto." Wewe unapandisha, pua inageuka, wewe unairudisha. "Mgeuko" na "matumizi" ni mizigo isiyo na abiria, itupe.

Ila hiyo kulia na kushoto yako inanitia wasiwasi zaidi kuliko sarufi. Injini inapozungusha mapanga upande mmoja, kiwiliwili cha helikopta husukumwa kwenda upande wa pili, na rota ya mkia, yale mapanga madogo ya nyuma, ipo kukizuia. Kwenye helikopta za Kimarekani mapanga makuu, ukiyatazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo nguvu ikiongezwa pua huenda kulia. Kwenye Mi-17 ya Kirusi, na kwenye helikopta nyingi za Kifaransa, mapanga hufuata mishale ya saa. Huko pua itakwenda kushoto, na mguu unaotakiwa ni wa kulia. Inaelekea ulitafsiri kitabu cha Kimarekani. Kama wanafunzi wako watakalia kiti cha Mi-17, sentensi yenye Kiswahili safi itawakanyagisha pedali isiyo yake. Taja aina ya helikopta ukurasa wa kwanza kabisa.

Tuje kwenye vitenzi ulivyoviuliza. Kupaa ni kwenda juu, basi. Kuruka ni jina la shughuli nzima, tangu kuacha ardhi hadi kurudi. Kwa hiyo helikopta inayoteremka ingali inaruka ingawa haipai. Kinyume cha kupaa ni kushuka, na mwisho wa safari ni kutua. Hapa kuna hitilafu ndogo ya lugha: ukitaka kauli ya kutendesha ya kutua, utaangukia "kutuza", ambako ni kumpa mtu tuzo. Usijisumbue. Kutua kwenyewe hupokea mtendwa tangu zamani, tunasema "tua mzigo", basi "rubani aliitua helikopta" ni Kiswahili halali na ndivyo watu wanavyosema.

Kurusha nako ni kwa kawaida katika mazungumzo, Kenya hasa. Kwenye kijitabu cha raia nisingekigusa. Lakini chako ni cha jeshi, ambako pia hurushwa roketi na makombora, na sentensi kama "rubani akiwa anairusha asirushe" itamchekesha mwanafunzi mahali pasipo pa kuchekea. Acha kurusha kibaki cha silaha. Kwa kazi ya rubani tumia kuendesha. Kuongoza usikitumie kabisa: waongoza ndege ni wale walioko mnarani, na watu hao wawili hawapaswi kuchanganywa hata kwa bahati mbaya.

Kwa ile hali ya kukaa papo hapo hewani nilisita sana. "Kusimama" kuna hatari, maana "helikopta imesimama" wengi wataelewa kwamba ipo chini na injini imezimwa. "Kuning'inia" kunadai kitu cha kuning'inilia, kwa hiyo kiweke akiba kwa mzigo unaobebwa kwa kamba chini ya tumbo la helikopta. Kinabaki kuelea, na ndicho ninachokupa, ijapokuwa kina udanganyifu wake. Gogo linaelea majini bila jasho, ilhali helikopta inayoelea hutumia nguvu nyingi ya injini kuliko inapokwenda mbele kwa mwendo wa wastani. Mweleze mwanafunzi hilo palepale neno linapotokea mara ya kwanza. Mweleze pia kwamba chombo kinachoelea vizuri Mombasa kikiwa na mzigo kinaweza kushindwa kufanya hivyo Nanyuki, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana likiwa limeifanya hewa iwe nyepesi zaidi.

Jirani na hapo umeandika "athari ya ardhi". Neno ni sahihi kwenye kamusi na baya kwenye somo. Mswahili akisikia athari hufikiria madhara: athari za mafuriko, athari za dawa. Kumbe jambo lenyewe ni la heri. Helikopta ikiwa karibu na ardhi, kwa kimo kisichozidi upana wa duara la mapanga yake, huhitaji nguvu pungufu kuelea kuliko ikiwa juu. Iite "nafuu ya ardhi", na anayeipoteza kwa kupanda juu zaidi au kwa kuvuka ukingo wa bonde ataelewa kwamba ameipoteza nafuu.

Mapanga umeyaita mapanga kwenye swali, kisha ndani ya rasimu yakawa "mabawa". Baki na mapanga, neno la fundi na la mtaani. Mi-24, helikopta ya kivita ya Kirusi, ina mabawa mafupi halisi ubavuni ya kutundikia silaha, nawe utataka neno la kuyaita.

Sasa injini kuzimika. "Kujizungusha" hapana. Hakuna panga linalojizungusha, na mwanafunzi akiamini hivyo atachelewa. Kinachotokea ni kwamba rubani anashusha kolektivu mara moja, ulalo wa mapanga unapungua, helikopta inateremka, na hewa inayopanda kutoka chini inapita kwenye mapanga na kuyazungusha. Asiposhusha, mwendo wa mapanga unakufa ndani ya muda mfupi sana, na ukishakufa hauna wa kuufufua. Karibu na ardhi anavuta saikliki ili kuinua pua na kupunguza mwendo, anaisawazisha, kisha anapandisha kolektivu atumie nguvu iliyobaki kwenye mapanga kulainisha kutua. Jina la kiufundi liache "otoroteshoni", watalisikia hilohilo maisha yao yote. Ila kwenye maelezo tumia kauli ya kutendwa na umtaje mtenda: "mapanga huzungushwa na injini" wakati wa kawaida, "huzungushwa na hewa ya kutoka chini" injini ikizimika. Kwa hizo mbili, somo lote limeeleweka.

Hukuniuliza kuhusu kuruka chini chini kwa kufuata mabonde na vichaka ili adui asikuone. Rasimu yako inasema "kuruka kwa kiwango cha chini sana cha ardhi", nami nimeumia, maana neno tunalo: kuambaa. Chombo cha baharini huambaa pwani, kinapita karibu na miamba bila kuigusa. Rubani mwenyewe alikuwa mtu wa bahari kabla ya kuwa wa anga. Aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 alikuwa rubani. Andika "kuambaa ardhi" bila woga.

Kuhusu maneno ya kukabidhiana usukani (ambao helikopta haina, kwa hiyo futa neno hilo), majeshi mengi hufundisha kauli tatu ili pasiwe na wakati ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeshika. Umetafsiri "Umeshika", "Nimeshika", "Umeshika". Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili swali na taarifa hutofautiana kwa sauti tu, na ndani ya kelele ya helikopta hakuna atakayesikia kama sauti ilipanda au ilishuka. "Umeshika" itageuka swali lililojibiwa kwa swali. Jaribu "Shika", "Nimeshika", "Nimeachia". Amri, jibu, taarifa, na kila neno linasema mikono ya nani iko wapi. Ni kweli redioni watatumia Kiingereza, lakini mwalimu na mwanafunzi wakiwa peke yao hewani hurudi kwenye lugha yao, hasa wakishtuka.

Jeshi la Anga ndilo la Tanzania. Wakenya husema Jeshi la Wanahewa, kama wanavyosema Jeshi la Wanamaji. Yote mawili ni Kiswahili fasaha. Wewe uko Morogoro, wanafunzi wako ni wa Tanzania, andika Jeshi la Anga. Na wingi ni "marubani wanafunzi", ukipenda "wanafunzi wa urubani", lakini usiandike "rubani wanafunzi" kama ulivyofanya kwenye jalada.