Kuwafundisha watoto wa madrasa kuhusu chang'aa na bangi: je, ni kuwafungua macho?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wetu. Mimi ni ustadha wa madrasa hapa Mumias, magharibi mwa Kenya. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ametuomba tushirikiane naye likizo hii, tuwape watoto somo kuhusu pombe na dawa za kulevya. Baadhi ya wazee wa msikiti wamekataa. Wanasema kutaja chang'aa (pombe kali ya kienyeji), bangi na gundi ya kunusa mbele ya watoto ni kuwafungua macho, na kwamba Muislamu inamtosha kujua ni haramu. Halafu tuna watoto ambao mama zao wanapika chang'aa, na ada ya madrasa inatoka huko huko. Tuwafanye nini? Allah akulipe kheri.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Somo hilo linajuzu. Na kwa mji kama wenu, ulio katikati ya mashamba ya miwa na sukari nguru ya kupikia chang'aa haikosekani, mimi naliona ni wajibu kwa mwenye kuliweza. Wazee wetu tuwaheshimu, nia yao ni njema, lakini hoja yao haisimami. Hudhayfa ibn al-Yaman (r.a.) amesema, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba watu walikuwa wakimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kheri, naye akimuuliza juu ya shari kwa kuchelea isimfike. Mtume hakumkemea kwa maswali hayo. Alimjibu, moja baada ya jingine.

Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) naye alipotumwa Yemen alimtajia Mtume vinywaji vya watu wa huko kwa majina: bit'i ya asali na mizri ya shayiri. Akajibiwa: "Kila chenye kulevya ni haramu." Vinywaji vilitajwa, na vilitengenezwa kwa nini kukatajwa, kisha hukumu ikaja. Basi busaa ya unga wa mahindi na kimera cha wimbi ina ubaya gani ikitajwa darasani, na mtoto huiona matangani watu wamezunguka chungu na mirija yao?

Tena niwaambie wazee jambo. Watoto hawa wanajua kuliko tunavyodhani. Nilikaa na vijana wa madrasa moja huko magharibi, mmoja wao hajafika hata miaka kumi na mbili, akanieleza jinsi ya kupima chang'aa: unamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, unawasha kiberiti, moto ukiwa wa bluu basi ni safi. Alisema kwa uhakika wa fundi. Na amedanganywa! Methanoli, ile spiriti ya sumu inayoweza kuwamo katika pombe hiyo, nayo huwaka, tena moto wake ni wa bluu iliyofifia, karibu hauonekani. Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoua mshipa wa jicho, mtu akapofuka au akafa kabisa. Mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya mia moja Nairobi. Kwa hiyo macho ya mtoto huyu yalishafunguliwa zamani, na aliyemfungua ni mtaa. Sisi tulinyamaza, elimu ya mtaani ikakaa mahali petu.

Sasa namna ya kufundisha. Hapa nitakaa kidogo, maana somo likifanywa vibaya linaweza kuwapa nguvu wazee waliokataa.

Kwanza, msiwadanganye watoto. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba ulevi una manufaa fulani kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Ukimwambia mtoto kwamba anayevuta bangi mara moja anapata wazimu siku hiyo hiyo, na yeye ana mjomba anayevuta na kesho yake anaendesha bodaboda, utakuwa umepoteza neno lako lote. Hata utakapomwambia la kweli, hatakusikia. Mwambie yaliyopo: kwamba ubongo wa kijana bado unakua hadi miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza mapema ndiye anayenaswa kwa urahisi zaidi, kwamba bangi huharibu kumbukumbu na kwa wengine huamsha maradhi ya akili, kwamba gundi inaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kwa anayevuta mara ya kwanza. Mwambie pia kwamba siku hizi bangi huokwa ndani ya keki na biskuti, kwa hiyo kisichotoa moshi si lazima kiwe salama. Ukweli huu unatosha kutisha bila chumvi.

Pili, msimlete mtu aliyeacha dawa aje asimulie vituko vyake mbele ya watoto. Najua ndilo jambo linalopendwa, kwa sababu hadhira hukaa kimya ikasikiliza. Lakini miongozo ya kinga iliyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya pamoja na Shirika la Afya Duniani, toleo la 2018, inaonyesha kwamba vitisho peke yake, mihadhara ya upande mmoja na ushuhuda wa waliokuwa watumiaji havimkingi mtoto. Wapo wanaosikia simulizi kama hiyo wakabaki na jambo moja: huyu alionja yote na bado amesimama hapa anapigiwa makofi. Kinachosaidia ni mtoto kufanya mwenyewe. Wagawe wawili wawili, mmoja amshawishi mwenzake, mwingine akatae kwa maneno yake. "Wee, unaogopa mama yako?" Atajibuje? Afanye mazoezi ya jibu hilo madrasani mpaka ulimi uzoee, asilitafute akiwa amezungukwa nyuma ya soko.

Tatu, imani kwanza. Bibi Aisha (r.a.) alisema, na Bukhari amepokea, kwamba zilizotangulia kushuka ni aya za Pepo na Moto, watu walipotulia katika Uislamu ndipo halali na haramu zikashuka, na lau neno la kwanza lingekuwa "msinywe pombe" wangesema hatuiachi kamwe. Mtoto asiyeswali ukimsomea aya ya 90 ya Suratul Maida, inayokataza ulevi, umemsomea sheria ya mtu mwingine.

Watauliza kuhusu miraa na muguka, majani yale yanayotafunwa, bila shaka. Mjadala wa wanazuoni hapo ni mrefu, mwanazuoni Ibn Hajar al-Haytami aliandika risala nzima juu ya miraa, na sitaumaliza hapa. Kwa mtoto hakuna mjadala: asiguse.

Ama watoto ambao mama zao wanapika. Msiwafukuze. Allah amesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kupika na kuuza ni haramu, na Mtume (s.a.w.) amewataja katika waliolaaniwa mwenye kukamua, mwenye kubeba, mwenye kuuza na mwenye kula thamani yake. Hilo mama aambiwe, lakini aambiwe faragha na wanawake wenzake, si kwa kipaza sauti cha Ijumaa. Ikiwa mnajua kwa yakini kwamba mama hana pesa nyingine ila hiyo, msiipokee ada. Msameheni mtoto asome bure. Akiwa na mapato mengine yaliyochanganyika, auze na mboga au afue nguo za watu, wanazuoni wengi wameruhusu kupokea. Halafu kamati ya msikiti ikae iulize: zaka yetu inakwenda wapi? Mjane anayepika chang'aa ili watoto wale hajasaidiwa na hotuba. Mpeni mtaji wa samaki au wa mandazi, kisha mumkataze.

Mtoto anayetumwa kubeba mtungi hana dhambi akiwa hajabaleghe. Akibaleghe, afundishwe alivyosema Allah katika Suratu Luqman kuhusu wazazi: asiwatii katika maasi, na akae nao kwa wema. Maana yake akatae kubeba, na asiache kumtekea mama maji.

Jiandaeni pia, kwa sababu baada ya somo mtoto mmoja atabaki nyuma na kusema, "Ustadha, baba yangu." Msimtukane baba huyo mbele yake. Yule sahaba aliyeletwa mara nyingi kwa kosa la kunywa, mtu mmoja alipomlaani, Mtume alisema asilaaniwe, kwani anampenda Allah na Mtume wake. Na msimwambie mtoto kwamba tukimfungia baba chumbani siku tatu atapona. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, akapata kifafa, hata akafa. Aanzie hospitali, na ruqya, yaani kusomewa Qur'ani na dua, iende sambamba na daktari. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, ambayo familia inaweza kupiga ikapewa ushauri.

Kuhusu wazee: msifanye somo kwa kuwazunguka. Mwombeni imamu awakalishe, muwasomee Hadithi ya Hudhayfa, na mmoja wao aalikwe akae nyuma ya darasa siku ya kwanza, asikie watoto wenyewe wanavyouliza.

Wallahu aalam.