Mlango Uko Wazi, Nani Yuko Ubaoni?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: likija gonjwa jingine kama UVIKO-19, shule zifungwe au ziachwe wazi? Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini mkoani Tabora kabla ya korona, wakati wa korona na baada yake, na jibu nalitoa mapema ili asiye na muda aishie hapa: ziachwe wazi. Ila mkiuliza hivyo mnazungumzia mlango. Mlango haukuwahi kunisumbua, ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba wangu. Usingizi ulinikata kwa kuwaza nani atasimama ubaoni mlango ukishafunguliwa.

Mwaka 2020 nilikuwa na wanafunzi 743, kuanzia awali hadi darasa la saba. Walimu tulikuwa 6, mimi nikiwamo. Kwa kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ikama ya shule yangu ilitaka walimu 17 hivi. Hapo hajakohoa mtu. Mmoja akiitwa semina, mwingine akiuguza mama yake, tunabaki wanne kwa vyumba vinane, na kati ya hao wanne mmoja ni mimi ninayetakiwa pia kupokea wageni, kujaza taarifa na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba la shule. Korona ilitukuta tayari tunafundisha kwa kuzibaziba.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Machi 17, 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zifungwe. Kidato cha sita na vyuo vikarudi Juni 1, sisi wengine Juni 29. Miezi mitatu na ushei. Masomo yalikuwa yakirushwa redioni na kwenye runinga, na sina sababu ya kuyabeza, ila kijijini kwetu runinga ilikuwa moja, ya dukani, na mwenye duka hakuwa tayari kukosa mpira kwa ajili ya sehemu na desimali. Redio nazo zilikwenda machungani na wenye ng'ombe. Tulipofungua, wasichana wangu wawili wa darasa la saba hawakurudi. Mmoja alikuwa keshaolewa, mwingine tukaambiwa yuko Dar kwa kazi za ndani. Nilibaki na madaftari yao kabatini, yana majalada ya magazeti kama nilivyowaagiza. Kwa hiyo mtu asinishawishi kwamba kufunga ni tahadhari isiyo na gharama.

Baada ya hapo ikaja kufidia. Ratiba ikaongezwa saa, mtihani wa darasa la saba ukasogea hadi Oktoba 7 na 8. Saa ziliongezwa, walimu tulibaki walewale sita, na koo zetu zilezile. Tulikuwa na ndoo tiririka nne, sabuni ya kipande iliyofungwa kwa kamba ili isiibwe, na madawati ambayo hata ukiyapanga namna gani watoto wanakaa wanne wanne. Umbali wa mita moja ulibaki kwenye bango la getini.

Mwaka ule ulikuwa na bahati yake. Mtihani wenyewe, kwangu, ulikuja Februari 2021.

Takwimu za ugonjwa nchini zilikuwa zimeishia wagonjwa 509 tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo rasmi hatukuwa na korona. Tulikuwa na "changamoto ya upumuaji". Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alipatwa na hiyo changamoto siku ya Jumatatu. Ijumaa yake mumewe akaja na baiskeli kuniambia hawezi hata kuinuka kwenda msalani. Mwalimu mwingine alikuwa likizo ya uzazi. Wa tatu, mzee wetu wa Kiswahili, ana kisukari, alikuwa na miaka 57, na kila mtoto alipopiga chafya niliona macho yake yanamfuata. Nilimhamishia chini ya mwembe na ubao wa kuegemeza. Mvua ikinyesha, darasa linavunjika. Nilifanya hesabu ya kikatili ambayo mwalimu mkuu yeyote wa kijijini anaijua: afadhali vipindi vilowe kuliko nimzike.

Tukabaki watatu wa kuingia madarasani. Kuna siku nilisimama mlangoni kati ya darasa la tatu na la nne, kwa sababu vyumba hivyo vinapakana na kuna mlango wa ndani. Mguu mmoja huku, mmoja kule. La tatu wananakili kutoka ubaoni, la nne wanasoma kwa sauti, nikigeuka huku kule wanapigana makonzi, nikigeuka kule huku chaki inarushwa. Darasa la sita na la saba nilikuwa nimewaunganisha, kiranja anaandika ubaoni kutoka kwenye kitabu pekee cha kiada, na nilipopita niliona amenakili hadi namba ya ukurasa na maelezo ya picha ambayo haipo. Wenzake wote wameinakili pia. Ile nayo kwenye daftari la mahudhurio ni siku ya masomo.

Jioni nikatuma taarifa kwenye fomu niliyopewa. Ilikuwa na nafasi ya kujaza wanafunzi waliohudhuria, ndoo za kunawia, sabuni, bango la tahadhari. Idadi ya vipindi vilivyokosa mwalimu haikuwa na pa kuandikwa. Nikajaza: 612, 4, ipo, lipo. Shule yangu ikasomeka iko wazi na iko salama. Sikudanganya hata neno moja.

Walio mjini mara nyingi hawalioni hili. Katika janga, shule hufungwa kwa tangazo mara moja, lakini pia hufungwa kimyakimya, chumba kwa chumba, kila mwalimu anapougua na nyuma yake hakuna mtu. Ya pili haisikiki redioni.

Kwa wanaosema basi tufunge tu mpaka liishe, tazameni jirani. Uganda walifunga Machi 2020 na shule hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili. Mwalimu hakai miaka miwili akisubiri kengele. Wengi waliingia kwenye bodaboda, biashara na kilimo, na milango ilipofunguliwa baadhi yao hawakuona sababu ya kurudi. Kenya, ambako madarasa yote yalirudi Januari 4, 2021, walimu wa shule binafsi na wale wanaoajiriwa na bodi za shule ndio walioumia zaidi, maana ada isipoingia mshahara hautoki. Kule Mwea shule moja ya binafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, picha zilisambaa dunia nzima. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Kufunga shule kunakula walimu polepole, na uhaba unaoukuta ukifungua ni mkubwa kuliko uliouacha.

Wala msidhani ni umaskini wetu peke yake. Januari 2022, wimbi la korona lililoitwa Omicron lilipowalaza walimu Marekani, jimbo la New Mexico liliomba askari wa akiba waingie darasani kushika vipindi, na gavana mwenyewe, Michelle Lujan Grisham, akaenda kufundisha watoto wa chekechea. Wako waliofanya mzaha. Mimi niliona wivu. Wao walikuwa na mtu wa kumwita, na karatasi inayosema ataitwaje, ataingia darasa gani na atalipwa nini.

Mimi nilimwita binti wa mama uji.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, hakuendelea, anamsaidia mama yake kuuza uji getini kwetu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa baadhi yetu. Nilimkabidhi darasa la kwanza, watoto 131. Sitasema nilifuata utaratibu. Wiki ya kwanza alipiga kelele hadi sauti ikakauka, nikamfundisha kupiga makofi matatu na kusubiri. Wiki ya tatu walikuwa wanaunganisha silabi. Hakuwa mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na asingeweza kuwa kwa mwezi mmoja, yule aliyeugua ana miaka kumi na minne ya kujua mtoto gani hasomi kwa sababu haoni ubao na nani kwa sababu ana njaa. Lakini watoto 131 walikuwa na mtu mzima mbele yao anayejua majina yao, na hilo kwangu ndiyo tofauti kati ya shule na uwanja wenye majengo.

Kumlipa ndiyo ikawa kazi. Mkutano wa wazazi ulikubaliana kila kaya itoe kopo la mahindi. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia: "Mwalimu mkuu, redio inasema elimu bila malipo. Haya mahindi ni ya nini?" Nikamwambia si ada wala mchango wa shule, ni chakula cha binti anayeshinda na mjukuu wako. Akakaa. Akasimama tena: "Basi mimi nitaleta kunde, mahindi yangu yamebunguliwa." Yule mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu 2016 anaambiwa asidaiwe, na sijui ningejisikiaje mimi kama ningekuwa upande wake wa benchi.

Mwalimu wetu alirudi baada ya wiki tano, amekonda, anapumzika kila akipanda ngazi mbili za ofisi. Mzee wa Kiswahili alinusurika pia, na chanjo ilipozinduliwa mwezi Julai mwaka ule alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kuitafuta.

Kisha zikaja fedha. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za korona, shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama. Sekondari ya kata yetu ilipata manne, mazuri, viti na meza juu, na nilifurahi kwa dhati kwa sababu watoto wangu waliofaulu walipokelewa wote kwa pamoja. Lakini niliingia mwezi Machi kumsalimia mkuu wa shule, nikakuta chumba kipya kinanukia rangi, kidato cha kwanza wamekaa vizuri, kila mmoja na kiti chake, wanapiga soga. Kipindi cha Hisabati. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja kwa shule nzima. Haki isemwe, mwaka ule wa 2022 serikali ilitangaza ajira za walimu 9,800. Ukizigawa kwa shule zote za nchi, nyingi hazipati hata mmoja. Ugonjwa ulitupa vyumba. Kuvijaza wafundishaji ni mshahara wa kila mwezi kwa miaka thelathini, na mshahara haukatiwi utepe.

Ninachotaka ni kidogo kuliko ajira, ingawa ajira nazitaka pia. Nataka akiba. Kuna siku nilipanda bodaboda kwenda mjini kuchukua chaki, njia nzima nalalamika sina wa kufundisha Hisabati darasa la sita. Dereva akasema bila kugeuka: "Mwalimu, mimi nina cheti cha ualimu, Daraja A, tangu 2016. Hisabati na Sayansi." Tukanyamaza hadi mjini. Nikaongeza nauli, sijui kwa nini.

Tangu siku hiyo nikaanza daftari. Ndani ya mwaka mmoja, kata moja tu, nilipata majina 11: wahitimu wa ualimu wasio na ajira, wastaafu wawili wenye nguvu, na yule binti wa uji nikamweka mwisho kwa alama ya nyota. Kila jina lina namba ya simu, somo, na umbali hadi shuleni kwa mguu. Ilinigharimu daftari la mistari na vocha. Kila kata ikiwa na orodha kama hiyo, imekaguliwa, wamepigwa msasa wiki moja wakati wa likizo, na kuna fungu dogo la kuwalipa kwa siku wanapoitwa, mwalimu mwenye kisukari anaweza kubaki nyumbani bila kuona ameangusha darasa. Msiniambie haiwezekani kuwapata na kuwalipa watu wa muda mfupi. Sensa ya Agosti 2022 ilipofika, makarani walipatikana hadi vitongoji visivyo na barabara, wakafundishwa, wakapewa vishikwambi, wakalipwa posho. Wengi wao walikuwa walimu.

Nilistaafu 2023. Siku ya makabidhiano nilimpa aliyenirithi funguo, muhuri, leja ya vifaa na lile daftari. Akasaini funguo, akasaini muhuri, akasaini leja. Daftari akalifungua, akasoma majina mawili matatu, akaniuliza aliandike wapi, maana kwenye hati hakuna sehemu yake.

Mwalimu mkuu mstaafu, Tabora