Siku arobaini zimeisha, moyo haujarudi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Tanga, nimejifungua mtoto wa kwanza miezi minne iliyopita. Arobaini nilikaa kwa mama, nikalelewa vizuri. Tangu nirudi kwangu silali hata mtoto akilala, na nalia bila sababu. Namnyonyesha, namwogesha, lakini moyo mtupu, kama nimeshikishwa mtoto wa jirani. Mavyaa, mama wa mume wangu, anasema ni jini. Alinipeleka kwa mtu, nikapewa kombe la kunywa, na sasa huyo mtu anataka kuku mweusi na laki mbili. Mume wangu yuko kazini Dodoma. Nikimwambia, hujibu: "Swali, soma Qur'an, utapoa." Naswali, sisikii kitu. Shangazi, imani yangu imekufa? — Mzazi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikafungua msahafu, Sura ya Maryam, aya ya 23. Uchungu umempeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende, yuko peke yake, naye anasema laiti angekufa kabla ya hayo, akasahaulika kabisa. Maryam huyo huyo aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Sasa tazama alivyojibiwa. Hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Aliambiwa asihuzunike, kijito cha maji kiko chini yake, atikise mtende zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Tena akapewa na ruhusa ya kutosema na mtu siku hiyo.

Na huo moyo mtupu, neno hilo hukulizua wewe. Liko katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 10, juu ya mama yake Musa. Yule alikwisha ahidiwa na Mola wake kwamba mwanawe atarudishiwa, na bado moyo ukawa mtupu. Mtume wetu (s.a.w.) naye alikuwa akiomba kukingwa na wasiwasi na huzuni. Basi huzuni imewagusa walio bora kuliko mimi na wewe, na hakuna aliyewaambia wamekufuru.

Hospitalini ulicho nacho kinafanana sana na kinachoitwa sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kile kilio cha siku za mwanzo huwapata wengi, na hupita ndani ya wiki mbili. Chako kina miezi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi kama zetu karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni sonona. Siku ya kupima uzito, mkiwa kumi kwenye benchi la kliniki, huenda wawili ndio nyinyi, kila mmoja ametazama kanga yake.

Basi siku hiyo usimpe nesi kadi ya mtoto ukanyamaza. Mwambie: "Mtoto mzima, mimi ndiye mgonjwa. Silali, nalia, sina hamu na kitu." Aangalie na damu yako, maana upungufu wa damu nao humchosha mzazi hadi akadhani amerogwa. Akiona inafaa atakuandikia uende hospitali ya mkoa. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha hupewa, kwa hiyo mwambie daktari kwamba unanyonyesha, usiogope kuzitumia.

Lakini kuna jambo moja sikungoji ufike kliniki. Ikiwa limekujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti wasizosikia wengine, mwamshe mtu sasa hivi, mpe mtoto amshike, mwende hospitali leo, hata kama ni usiku wa manane.

Mimi nina ugomvi na arobaini zetu. Si kwamba ni mbaya, la! Mzazi anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anapokewa mikono hii na hii. Siku ya arobaini na moja wote wanatoweka kama waliofukuzwa na mvua. Mtoto wangu wa pili, nilikuwa hivyo hivyo kama wewe. Aliyeniokoa ni jirani. Alikuwa akiingia saa nne asubuhi, anakaa kwenye mbuzi, anakuna nazi yangu, hasemi neno, mimi nalala nusu saa. Hakunihubiria hata siku moja. Mama yake Musa naye alimtuma dada wa mtoto amfuatie nduguye. Wako ni nani? Mdogo wako, shoga yako, yeyote wa kukushikia mtoto ulale saa mbili mfululizo.

Mavyaa usimgombeze. Amekuona unazama, akashika alichokijua. Kombe lenye aya za Qur'an mimi mwenyewe nimelinywa, sina neno nalo, ila mtoto asiguse hata tone, kabla ya miezi sita ni ziwa tu. Kuku mweusi na laki mbili, hapana. Hiyo si dini, ni duka. Mwambie kwa adabu: "Mama, Mtume ametuamrisha tutafute dawa. Nipeleke kliniki wewe mwenyewe." Akishakaa mle na kumsikia nesi, utakuwa umepata mtetezi.

Swala usiiache, wala usiipime kwa unavyojisikia. Swali faradhi zako, ukishindwa kusimama swali umekaa, kisha ulale.

Mumeo mwandikie hivi, kama yalivyo: "Baba fulani, naswali. Naumwa. Mwisho wa wiki hii naomba uje, tuende hospitali pamoja." Akikurudishia aya, mkumbushe hadithi ya kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa ahali zake, yaani watu wa nyumbani kwake. Kisha ngoja jibu bila kumwomba radhi.

Na kabla hujaiweka simu chini, mwanangu: leo umekula nini?