Miche imebabuka shambani: acha dawa ya ukungu

SWALI: Miche yangu ya nyanya ilikaa wiki nne kwenye kitalu chenye kivuli, ikawa ya kijani iliyokolea. Siku mbili baada ya kuihamishia shambani, majani ya juu yalitoka mabaka meupe. Muuza pembejeo aliniambia ni ukungu. Nimepuliza dawa mara mbili na busta (mbolea ya majani) mara moja, lakini hali ni ileile. Niongeze kipimo?

JIBU: Usiongeze kitu. Hiyo ni miche iliyounguzwa na jua. Ukungu mweupe wa majani huwa kama unga, ukiupangusa kwa kidole unatoka, nao huenea jani hadi jani. Mabaka yako, kama ninavyoyaelewa, ni makavu kama karatasi, yako upande unaotazama jua, na majani ya chini yaliyofunikwa hayana kitu.

Jani lililokulia kivulini ni pana na jembamba, nta yake juu ni kidogo, na limejengwa kunasa mwanga hafifu. Ukiliweka ghafla kwenye jua kali, linanasa mwanga kuliko linavyoweza kuutumia. Ziada hiyo huzalisha oksijeni kali ndani ya seli, ambayo huharibu klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani. Ndiyo maana linageuka jeupe. Na jani lililokwisha kukomaa haliwezi kujijenga upya likawa nene. Mmea huzoea hasa kwa kutoa majani mapya yaliyoumbwa juani.

Hapo ndipo wauzaji wa busta wanaponikera. Mkulima anaambiwa mche umeishiwa nguvu, naye anapuliza mbolea ya majani mchana juu ya jani lililoungua. Maji yanakauka, chumvi inabaki, jani linazidi kubabuka. Naitrojeni nyingi nayo hutoa machipukizi laini, yale yale yasiyostahimili jua.

Kagua ncha ya mche. Ikiwa ya kijani na shina ni gumu, mche utapona. Usikate majani ambayo bado yana sehemu ya kijani. Weka kivuli chepesi kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa siku nne au tano, kisha ukipunguze kidogo kidogo. Mwagilia shinani asubuhi. Ncha ikiwa imekauka, ng'oa mche huo, kisha panda mwingine.

Miche ijayo ikomaze, yaani izoeze jua, kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha. Siku ya kwanza ipate jua la asubuhi kwa saa mbili, kisha ongeza saa moja hadi mbili kila siku. Punguza maji, lakini usiikaushe mpaka ilale: wapo wanaofundisha kuitesa miche ili iwe sugu, na wanaipoteza bure. Acha mbolea ya naitrojeni wiki moja kabla. Hamisha jioni au siku ya mawingu.

Kosa hili la kuhamisha ghafla silioni kwa miche tu. Ua la ndani hutolewa nje mchana kutwa siku ya kwanza, kisha hutafutiwa dawa. Samaki humiminwa kutoka maji ya joto moja kwenda mengine papo hapo, wakifa inalaumiwa mbegu, yaani vifaranga vyenyewe. Hata mtu anayeanza kazi ngumu kwenye joto kali anahitaji siku 7 hadi 14 mwili wake ujifunze kutoa jasho mapema, jasho lenye chumvi kidogo. Mwongozo wa usalama kazini ni kumpa asiyezoea joto asilimia 20 ya muda wa kazi siku ya kwanza, na kuongeza si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Wanaomuuzia kinywaji cha kuongeza nguvu badala ya kumpa siku hizo wanamhatarisha maisha. Anahitaji maji, mapumziko ya kivulini na mtu wa kumwangalia, hasa siku chache za mwanzo, na vilevile anaporudi baada ya likizo ndefu, kwa sababu mazoea hayo hupotea akikaa wiki kadhaa bila joto.