Mwanangu, kabla hujailipia hiyo Subaru

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimeshafunga duka, maana ile ya kwanza kelele za soko la Mwanjelwa hapa Mbeya zilikumeza. Unasema kuna kijana wa mbao huko Mafinga anauza Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, gia za mkono, nyuma imebandikwa nembo ya STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, bei umeipenda, naye anataka jibu kabla ya Jumamosi. Ukamaliza: "Mama, niangalie nini?" Unamuuliza mtu asiye hata na leseni. Ila spea nimeuza miaka ishirini na mbili, na gari mimi silijui kwa kuliendesha, nalijua kwa kile ambacho mwenyewe anakuja kununua.

Kuna mteja mmoja alikuwa na Subaru kama hiyo. Alianza kwa kuchukua oili lita moja kila baada ya wiki mbili. Nikamuuliza, injini inavuja? Akasema haivuji, "inakunywa kidogo tu mama, turbo zote ndivyo zilivyo." Baada ya muda akaja kutafuta kulanti, maji ya kupozea injini. Kisha gasketi ya silinda hedi, na anataka ile ya bei ya chini. Mwisho akaulizia beringi za konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, akasikia bei, akaondoka bila kuaga. Mwezi uliofuata gari likawa limeoshwa, matairi yanang'aa, limeegeshwa pale Kabwe na karatasi ya INAUZWA kwenye kioo. Halikuwa gari langu, nikanyamaza. Aliyelinunua naye akaja dukani kwangu. Alitaka oili lita moja.

Kwa hiyo huyo kijana usianze kumuuliza inakimbiaje. Muulize oili ananunua wapi, ya aina gani, anamwaga kila baada ya kilomita ngapi. Injini yenye turbo, ile pampu inayoisukumia hewa, ikipita sana kilomita 5,000 bila kumwagwa oili inajiumiza yenyewe. Kama anasitasita, umeshajibiwa. Halafu muulize fundi wake ni nani, umfuate huyo fundi peke yako, umnunulie soda, mpige stori. Mafundi hawawezi kukaa na siri ya gari walilolifungua.

Siku ya kuliona nenda alfajiri, na umwambie kabisa asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la vuguvugu na baridi ya Mafinga ile, ujue ameamka kabla yako kuficha kitu. Likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, uangalie kama kuna oili inaelea. Fungua na mfuniko wa oili. Hapo watu wengi hupotea: ukikuta utando mweupe kama maziwa, usikimbilie kusema gasketi imeungua, kwa sababu huku kwetu miezi ya Juni na Julai hata injini nzima inayotembea safari fupifupi huweka unyevu huo. Ufute, likimbizwe safari ndefu, kisha utazame tena. Utando ukirudi, au maji ya kwenye kopo la akiba yakitoa mapovu injini ikiwa inanguruma, hapo achana nalo.

Likiwashwa, kaa nyuma uangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe unaonukia utamu na hauishi injini ikipata moto ni kulanti. Mweusi si msiba, ni petroli imezidi kwa hewa iliyopo.

Sasa sikio. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku mbili kule, na nyingi za zamani zina mngurumo wao unaotokana na mabomba ya egzosi kutolingana urefu. Muuzaji atakwambia kila sauti ni huo mngurumo. Konrodi inayogonga haingurumi. Inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole, na mbisho unafuata mzunguko. Subiri injini ipate moto sawasawa, fundi wako apandishe mpaka mizunguko kama 3,000 kwa dakika kisha aachie ghafla. Mbisho husikika pale inaposhuka. Ukisikia hodi, usiitikie karibu.

Mkanda wa taimingi uulizie kwa risiti. Injini hiyo haina cheni, ina mkanda, na unabadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na tensheni yake, na ni busara kuweka pampu ya maji mpya kabisa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hununui spea, unanunua injini. Kilomita za kwenye dashibodi zisikudanganye, zinarudishwa nyuma kirahisi kuliko saa ya ukutani. Tazama usukani ulivyochakaa, pedeli ya klachi, kiti cha dereva pembeni.

Halafu mlipe fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne. Namba zenyewe zisikuchanganye, ila ziwe zinakaribiana. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna ringi au valvu imechoka. Muuzaji akikataa gari lake lisipimwe, mshukuru uondoke.

Mwambie alilete Iringa, mafuta utaweka wewe. Kutoka Mafinga mpaka hapo ulipo ni kama kilomita 80, zinatosha injini kusema ukweli. Mkifika Ipogolo, kile kilima cha kupandia mjini upande wewe. Weka gia ya tatu mwendo ukiwa mdogo, kanyaga mpaka chini. Mizunguko ikipanda na gari lisipande, klachi imekwisha. Huku juu hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Turbo inafidia, ndiyo maana vijana wa nyanda hizi wanaipenda. Sasa kama turbo yenyewe inapanda pale kwa uvivu kama bodaboda iliyopakia watatu, unalipia jina. Mshale wa joto usisogee. Mkifika juu, liache lingurume dakika kumi, uutazame tena.

Matairi manne yawe ndugu wa tumbo moja: aina moja, saizi moja, yameisha sawa. Gari hilo linavuta magurudumu yote, na tairi moja kubwa kuliko wenzake linaua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kuijua, tafuta uwanja mpana, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Likijikwaa-kwaa kama kuna mtu anashika breki, difu hiyo ndiyo inalia, na bei yake usiniulize.

Nembo ya STI mtu yeyote anabandika. Nimeuza mwenyewe, tena nyingi. Kwa gari la Japani, soma kibati cha chesesi: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. STI ya mwaka huo ina gia sita, na nati za rimu zimeachana zaidi, rimu zake haziingii kwenye WRX. Kule Japani STI ilitoka na nguvu farasi 280, WRX ya kawaida 250, basi na bei zisifanane. Na kama wameshaichezea programu ya injini au egzosi inapiga risasi usiku kucha, mimi ningetafuta lingine.

Kadi iwe na jina la anayeuza, namba za chesesi na injini zilingane, kadi isiwe imewekwa rehani mahali. Angalia faini za trafiki kwenye mtandao, kila kosa ni shilingi 30,000 na zinafuata gari. Mauziano yafanyike mbele ya wakili. Haya unayajua kuliko mimi.

Na usimalize hela. Ukiwa na milioni 20, tafuta gari la milioni 15. Spea za Subaru si kama za Corolla, nyingine nasubiri basi la usiku kutoka Dar.

Bodi ndiyo niliyoiacha mwisho, kwa sababu ndiyo iliyotuuma. Wewe ulikuwa mdogo tulipochukua ile Corolla nyeupe kwa dalali. Mvua ya kwanza tu rangi ya mlango wa nyuma ikavimba, baba yako akaigusa kwa ukucha ikabanduka kama utando wa maziwa, chini yake puti, ile plasta ya kuzibia mabonde, unene wa kidole. Akaenda kuvunja spika ya redio yetu mbovu, akatoa sumaku. Kwenye bati inanasa, kwenye puti inateleza. Ipitishe taratibu milango yote, juu ya magurudumu, nguzo za paa. Boneti la hiyo WRX liruke, ni la aluminiamu, sumaku hainasi hata likiwa zima.

Gunia la viazi nimempa konda wa basi la asubuhi, kapokee Igumbilo. Juu kabisa utakuta leso imefungwa fundo. Sumaku imo humo. Baba yako anataka irudi.

Mama